Mipira kumi na boflo za deni

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ndizi za Wete zimefika, ingawa chini ya kapu zilikuwa zimeshabondeka botini.

Umeuliza kama ununue mipira 10 kwa mshahara wako, laki mbili jumla, halafu skuli ikurudishie fedha zikiingia. Unasema una mipira 4, wanafunzi 54 na kipindi cha michezo cha dakika 40.

Kwanza hizo dakika hazifiki 40. Toa 5 za kutoka darasani na kuvua viatu, toa 5 za kunawa na kurudi. Zimebaki 30, basi pangia hizo. Ukiwaweka mistari 4, kila mstari una watoto 13 au 14. Kila mmoja akichezea mpira nusu dakika, zamu yake inarudi baada ya dakika 7 hivi. Katika dakika 20 mtoto kagusa mpira mara tatu, muda wote uliobaki kasimama juani anamchokoza mwenziwe. Kisha mwalimu analalamika hawana adabu.

Wagawe makundi 6 ya watoto 9, uwe na vituo 6. Viwili tu ndivyo vya mipira, miwili miwili: kimoja pasi za miguu, kimoja kurusha na kudaka. Vinne vilivyobaki ni kuruka kamba, mbio za kupokezana kijiti, kupita zigizaga kati ya vifuu vya nazi, na kulenga ndoo kwa soksi kuukuu zilizojazwa matambara. Kamba na mbio visifuatane, watakuishia pumzi. Kila kituo dakika 3, kuhama nusu dakika: jumla 20 na nusu. Kupasha mwili moto 4, kupoza 3. Firimbi moja simama, mbili hama, na wote wahame upande mmoja. Kundi moja likienda kinyume, kipindi kimekwisha hapo. Inabaki akiba ya dakika 2 na nusu. Usiipangie kitu.

Akiba. Laiti tungekuwa nayo sisi 2020.

Nimeshakwambia na nakwambia tena: kilicho daftarini si kilicho kwenye kopo la pesa. Unalikumbuka tanuri letu la mikate. Hoteli mbili zikichukua boflo 120 kwa siku, 700 kila moja, yaani 84,000, na kulipa baada ya siku 45. Siku yoyote ile walikuwa wameshika 3,780,000 zetu, na mwenye unga anataka chake kila Alhamisi. Hoteli ikiongeza boflo 50 babaako anafurahi, mimi natafuta pa kukopa, maana boflo hizo zinataka unga leo na pesa yake inakuja mwezi na nusu baadaye. Faida ilikuwepo, hesabu nimeirudia mara mia.

Machi ile ndege za watalii zikasita, skuli zikafungwa, hoteli nazo zikafunga milango. Kijana wa uhasibu akaniambia, "Mama, subirini kidogo." Tusubiri! Boflo wameshazila. Unga, hamira na kuni hupungua ukioka kidogo, lakini kodi ya banda haipungui, na vijana watatu wanataka mshahara. Walaji walikuwepo bado. Pesa ndiyo ilikuwa kwa watu.

Mwisho wa Aprili ikaingia Ramadhani. Tanuri tukaliacha, tukawasha majiko ya mkaa, mkate wa ufuta, taslimu mlangoni. Unga umeshika kikaangoni, kikaango unakigeuza kifudifudi juu ya makaa, ufuta unaiva mwekundu huku watu wamesimama na vikapu. Siku ya kwanza 40, wiki ya pili 90. Kopo likalia sarafu tena! Hoteli moja ililipa nusu mwezi wa Disemba. Ya pili tusiitaje.

Sasa swali lako. Skuli si hoteli, haina wageni wa kukatika. Lakini fedha za skuli nazo zina siku zake, na mwalimu mkuu akihamishwa, ajaye atasema hajui habari ya mipira. Lakini tena watoto ni hao hao, na mwaka hauwasubiri. Babaako anasema nunua. Mimi nimeapa sitosema, na sisemi.

Ila kama utanunua, anza na miwili, pamoja na pampu na sindano zake, kwani nina hakika katika hiyo 4 upo mmoja hauna upepo. Kabla ya kutoa senti, mwalimu mkuu aandike karatasi: idadi, bei, tarehe ya kurudishiwa, sahihi yake na muhuri. Risiti asili ibaki kwako, wao wape nakala kivuli. Akikataa kuandika, basi hapo umeshajibiwa na yeye, si mimi.

Ndizi nyengine ziweke juu ya mzigo.

Mamaako