Ukipewa namba kubwa, anza na umbo lake

Nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi wa sekondari masomo ya jioni kwa miaka mingi, na swali ninaloona likiwatia hofu zaidi ni lile linalowataka waichambue namba ndefu: je, ni namba tasa, na kama si tasa, vigawo vyake ni vipi? Huwa nawasihi kwamba kabla ya kugawanya chochote watafute namba hiyo imeundwaje.

Chukua 4,294,967,297. Inaishia na 7, hivyo haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5. Jumla ya tarakimu zake ni 59, hivyo 3 nayo inaondoka. Anayeendelea kujaribu namba tasa moja baada ya nyingine atapitia 115 bila mafanikio, na wengi hukata tamaa mapema wakaandika kwamba ni tasa.

Namba hii, hata hivyo, ni 2³² + 1, na umbo hilo lina historia. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kwamba ukoo wote wa namba za umbo hili (2 yenye kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea maradufu, kisha kuongeza 1) ni wa namba tasa, kwa kuwa 3, 5, 17, 257 na 65,537 zinazoitangulia ni tasa kweli. Leonhard Euler alionyesha mwaka 1732 kwamba hii ya sita inagawanyika. Ni yeye pia aliyethibitisha kwamba kila kigawo chake, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Kwa sharti hilo peke yake, namba tasa za kujaribu zinabaki 193, 257, 449, 577, kisha 641, ambayo ndiyo jibu.

Hata mgawanyo huo wa mwisho hauhitajiki, na hapa ndipo ninapopenda kukaa na wanafunzi kwa muda mrefu. Angalia kwamba 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na vilevile ni 5⁴ + 2⁴. Kwa umbo la kwanza, 5 × 2⁷ ni sawa na −1 tukihesabu mabaki ya kugawanya kwa 641. Tukipandisha pande zote kwenye kipeo cha nne, 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Umbo la pili linaturuhusu kuweka −2⁴ mahali pa 5⁴, tukapata −2³² sawa na 1, yaani 2³² + 1 haibakizi kitu.

Kigawo cha pili ni 6,700,417, nacho ni tasa. Zizidishe mwenyewe kwa kalamu ili uhakikishe. Ukimaliza, kokotoa 65,536² + 1², kisha 62,264² + 20,449². Zote mbili zinatoa namba yetu ileile, jambo lisilowezekana kwa namba tasa. Kwa hiyo hata asiyekijua kigawo chochote angeweza kuthibitisha kwamba namba hii si tasa.