Waache Walifungue Fungu Wenyewe

Juma lililopita mwalimu kijana, aliyeanza kazi mwaka huu, aliniandikia akilalamika kwamba alipogawa vizibo vya soda katika darasa la pili, somo la kutoa liligeuka soko la samaki, na mwalimu mkuu akasimama dirishani akitikisa kichwa. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa kuwa dirisha hilo nalijua.

Mwaka 2015, mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) ulipoanza, nilikuwa na watoto 83 katika chumba kimoja. Niliimba ubaoni, "Mbili toa saba haiwezekani, tunakopa kwa jirani," nao wakaitikia kwa sauti moja. Madaftarini, hata hivyo, 52 toa 27 ilikuwa 35, kwani walitoa tarakimu ndogo katika kubwa bila kujali ipi iko juu. Nikaleta njiti za chelewa, nikazifunga kumi kumi kwa vipande vya mpira wa baiskeli, nikafungua fungu mimi mwenyewe huku wao wakitazama. Haikusaidia. Mwenzangu mmoja akatangaza mbele ya ofisi nzima kwamba silipwi mshahara ili nichezee ufagio, na maneno hayo, nakiri, yananichoma hadi leo.

Safari ya tatu niliwagawa wanne wanne, nikawapa mafungu matano na njiti mbili, nikawaomba wanirudishie njiti 27, kisha nikafunga mdomo. Binti mmoja alizitazama njiti zake mbili, akalitazama fungu, akaniuliza kama nitamchapa akiufungua mpira. Nilimwambia afungue. Akazimwaga zile kumi juu ya dawati, akahesabu kumi na mbili, akanihesabia saba, akaongeza mafungu mawili, na alipomaliza nikamtaka aandike daftarini kile mikono yake ilichokwisha kufanya. Aliandika 25.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, swali liwe ubaoni kabla vifaa havijagawiwa, na kila kundi liwe na mtunza njiti wake. Achana na vizibo katika somo hili: havifungiki, na kisichofungika hakimwonyeshi mtoto kumi ni nini. Zaidi ya yote, nyamaza. Tunawahubiria watoto wasiogope kukosea, ilhali sisi wenyewe dakika mbili za kelele zinatutoa jasho na kuturudisha mbio kwenye chaki. Mwalimu mkuu akisimama tena dirishani, mkaribishe ndani, umpe mafungu matano na njiti mbili, umwombe 27.