Waranti ya nyongeza ya gari: kabla hujaifuta, hesabu kilomita zako

Ukinunua gari jipya kwa mkopo, kwenye karatasi ya mchanganuo wa bei kuna mstari ambao wengi wetu huupita haraka kwa sababu umebanwa katikati ya usajili na bima. Waranti ya nyongeza. Unasaini, unakabidhiwa funguo, unapigwa picha mbele ya gari lenye utepe, safari ya kurudi Dodoma inaanza. Baadaye sana, siku umetulia unakagua makato ya benki, ndipo unapojiuliza ile milioni tatu na ushee ilikuwa ya nini na kama inarudishwa.

Mara nyingi inarudishwa. Kama inafaa kuidai, hapo ndipo watu wanapotofautiana. Mimi nilifuta yangu. Dada mmoja wa uhasibu ofisini kwetu aliniomba ushauri nikamwambia abaki na yake, na mpaka leo naona sote wawili tuko sawa. Siyo kwamba gari lake ni bovu na langu ni zima. Kilichotutofautisha ni kilomita tunazotembea na mahali ilipo karakana ya wakala.

Nitenganishe kwanza mambo yanayochanganywa sana vijiweni. Waranti ya kiwanda inakuja na gari lenyewe, umeshailipia ndani ya bei. Langu lilikuwa na miaka mitatu au kilomita 100,000, kinachotangulia, na hicho ni kiwango utakachokikuta mara nyingi. Waranti ya nyongeza inaanza pale ya kiwanda inapoishia. Bima kubwa haihusiani na yote mawili: ukigonga, ukiibiwa, au korongo likakusomba Nkuhungu wakati wa masika na injini ikanywa maji, huko ni bima. Gia boksi ikigoma yenyewe ukiwa umepaki nyumbani, bima haikujui; hiyo ni kazi ya waranti.

Sasa kilomita. Mkataba wangu ulisema miaka miwili ya ziada, yaani jumla miaka mitano au kilomita 150,000. Maneno "miaka miwili" yanavutia. Lakini kazi yangu ni ya barabarani: leo Mpwapwa, keshokutwa Kondoa, wiki ijayo Manyoni, na Dar es Salaam kila mara. Kwa mwaka natembea kama kilomita 40,000. Maana yake zile 100,000 za kiwanda zinaisha ndani ya miaka miwili na nusu, na hizo 50,000 za nyongeza ni miezi 15 tu. Niliuziwa miaka miwili, nikapata mwaka na robo.

Usije ukadhani basi anayetembea kidogo ndiye anayefaidi. Jirani yangu mstaafu gari lake linakwenda sokoni, kanisani na shambani Veyula. Kwa mwaka halifiki kilomita 12,000. Miaka mitatu ya kiwanda ikiisha gari lake litakuwa na kilomita 36,000, na waranti ya nyongeza itamlinda mpaka 60,000 hivi. Hicho ndicho kipindi ambacho gari lililohudumiwa vizuri haliumwi ugonjwa mkubwa. Analipia ulinzi wa gari ambalo bado ni kijana.

Anayefaidi yuko katikati. Dada wa uhasibu anatembea kama kilomita 20,000 kwa mwaka, mjini hapa hapa na Kongwa kwa wazazi wikiendi. Nyongeza yake itaanzia kilomita 60,000 na kuishia 100,000, na inamalizika miaka yote miwili bila kukatwa na kilomita. Gari lake lina gia boksi ya CVT, aina ya otomatiki, kamera, sensa kila kona na kontroli boksi ambazo fundi wa mtaani akizishika anaanza kuomba Mungu. Tena alilipa taslimu, pesa ya kiwanja alichouza Ihumwa, kwa hiyo waranti yake haina riba. Na wakala wake ana tawi Dodoma.

Hilo la tawi lina uzito kuliko watu wanavyolichukulia. Wakala wangu karakana yake ni Dar. Kutoka hapa ni kama kilomita 450, kwenda na kurudi 900. Gari langu linakunywa lita kumi kwa kilomita mia, ukichukulia lita ni shilingi 3,000 hiyo ni 270,000 ya mafuta peke yake, hujalala, hujala, hujaomba ruhusa kazini. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mpaka Dodoma mwaka 2024 kuna nafuu: unaacha gari Dar, unarudi na treni, unalifuata likiwa tayari. Lakini unatembelea bodaboda muda wote spea inaposubiriwa kutoka nje, na mkataba wangu haukuwa na gari la kuazima. Na hiyo ni kama gari bado linatembea. Likizima Gairo, nani analipa brekidauni mpaka Dar? Mkataba wangu ulisema wanalipa kilomita 50 za kwanza. Ramani unaijua: kilomita 50 kutoka Gairo, popote utakapoelekea, hazikufikishi kwenye karakana yao.

Niliusoma mkataba wote mchana mmoja pale Mtumba, nikiwa na kalamu nyekundu, na nakushauri ufanye hivyo hivyo badala ya kutegemea kipeperushi. Usianzie kwenye orodha ya vinavyolipwa, anzia kwenye visivyolipwa. Pedi za breki, klachi, betri, matairi, balbu, bushi, shokapu: hivyo havimo karibu kila mahali kwa sababu vinahesabiwa kuwa vinalika kwa matumizi. Sasa niambie, kwa mtu anayekwenda vijijini, gari linamdai nini kila baada ya miezi michache kama si bushi, shokapu, bolijointi na stabilaiza linki? Kipande cha gari kinachoteseka zaidi na barabara zetu ndicho kilichoachwa nje.

Kuna ibara ya huduma. Inataka kila sevisi ifanyike kwa wakala au karakana aliyoiidhinisha, kwa wakati, na risiti itunzwe. Ukichelewesha sevisi ya kilomita 10,000 ukaifanya kwenye 12,500 kwa sababu ulikuwa kazini Singida, wana haki ya kukukatalia. Kuna ibara ya mabadiliko. Hii inawanasa wengi, kwa sababu gari likifika tu tunalinyanyua kwa spesa, tunafunga taa za ziada, tunaweka kifaa cha kufuatilia gari kwa fundi anayechokonoa nyaya chini ya dashibodi. Siku mfumo wa umeme ukileta shida, kitu cha kwanza wanachopiga picha ni ule waya uliofungwa selotepu nyeusi.

Kisha mafuta, na hapa ndipo nilipofika uamuzi. Gari langu ni dabo kebini ya dizeli. Injini hizi za sasa nozo zake, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini, ni za gharama kubwa na haziwezi kuvumilia uchafu, kwa hiyo mtu wa dizeli anayenunua waranti ya nyongeza kwa kiasi kikubwa ananunua usingizi juu ya nozo na pampu yake. Nikampigia muuzaji.

"Inafunika kila kitu, bosi wangu. Injini yote."

"Nozo zimo?"

"Zimo, bosi."

"Na zikiharibika kwa sababu ya dizeli chafu?"

Akakaa kimya kidogo. "Hapo sasa bosi inakuwa ni suala la mafuta, siyo suala la gari."

Kijana wa watu hakudanganya. Ndivyo ilivyoandikwa: uharibifu utokanao na mafuta yasiyo na ubora haulipwi. Na nozo hufa kwa nini, kwa sehemu kubwa, kama si uchafu au maji ndani ya dizeli? Mtu anayejaza kwenye dumu kijijini pale kituo kinapokuwa mbali hana hoja kabisa. Vumbi nalo lina ibara yake: chujio la hewa likiachwa mpaka likaziba, na vumbi letu la kiangazi halihitaji muda mrefu, turbo ikiumia wanasema hukutunza gari. Mimi sasa namwagiza fundi afungue chujio la hewa kila sevisi na anionyeshe kwa macho, asiniambie tu.

Upande wa pesa. Waranti ilikuwa milioni 3.2, ikaingizwa ndani ya mkopo. Kwa riba ya asilimia 15 inayopungua na salio, miezi 48, hiyo milioni 3.2 inalipwa kwa karibu milioni 4.3. Na kumbuka unaanza kuilipia riba tangu mwezi wa kwanza, wakati yenyewe haianzi kazi mpaka ya kiwanda iishe. Gawanya kwa miezi yangu 15: kama 285,000 kwa mwezi. Kwa kiasi hicho fundi wangu wa Kizota angekuwa ananipigia simu kunisalimia.

Kwa hiyo nikafuta. Utaratibu si mgumu ila unataka karatasi. Simu na ujumbe wa WhatsApp havitoshi. Andika barua, taja namba ya mkataba na namba ya chesesi, ambatisha picha ya dashibodi inayoonyesha kilomita za siku hiyo, peleka nakala mbili na moja irudi na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Tarehe ina maana kubwa, kwa sababu baadhi ya mikataba ina kipindi cha mwanzo cha kujiondoa bila kukatwa kitu, na baada ya hapo wanakokotoa kwa muda au kilomita zilizotumika, kile kinachowafaidi wao. Mimi nilikuwa nimechelewa kile kipindi lakini nyongeza ilikuwa haijaanza, wakakata asilimia 10 kama ada ya uendeshaji, ikabaki milioni 2.88.

Pesa hiyo haikuja mfukoni. Kama waranti ilikuwa ndani ya mkopo, marejesho huenda benki kupunguza deni, na benki wasipoambiwa kitu wanaweza kuacha rejesho lako la mwezi lilivyo na kufupisha muda tu. Nenda ukachague. Mimi niliomba rejesho lipungue, likapungua karibu elfu tisini, nikaongeza mpaka laki moja na nusu na kuzielekeza kila mwezi kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Hiyo ndiyo waranti yangu. Inalipa bushi, inalipa shokapu, haiulizi nilinyanyua gari au la, na nikiuza gari inabaki na mimi. Kama unajijua kwamba pesa ikikaa karibu utaitolea mchango wa harusi ya binamu, basi ongeza hilo kwenye hesabu zako, tena kwa uzito. Kuna watu ambao waranti inawafaa kwa sababu hiyo tu.

Wauzaji wakikuzungusha, angalia nani hasa aliyeitoa. Kama nyuma yake kuna kampuni ya bima, suala ni la TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, ambayo makao makuu yake yako hapa hapa Dodoma, na kuna pia ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kama ni mkataba wa muuzaji mwenyewe, Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia haki za mlaji. Kwangu halikufika huko. Nilipoandika kwamba nakala inakwenda TIRA, majibu yalikuja.

Walionunua magari ya Japani yaliyotumika, kwa kifupi: ile "waranti ya injini na gia boksi" ya yadi ya miezi mitatu au sita, ikiwa ni bure ichukue, ikiwa inauzwa mpe fundi wako hiyo hela akague gari kabla hujalipa.

Kwa haki niseme na upande wa pili. Baada ya waranti ya kiwanda kwisha, kompresa ya AC ilikufa njiani nikitoka Manyoni, mchana wa jua kali. Kompresa ilikuwa imo kwenye orodha ya vinavyolipwa. Fundi wa AC wa hapa mjini alinifungia nyingine kwa milioni moja na laki mbili pamoja na gesi, na gari nikalipata siku iliyofuata. Ningekuwa na waranti nisingelipa kitu, ila ningeendesha mpaka Dar vioo vikiwa wazi na kuliacha huko nikingoja waithibitishe. Kila mtu achague adha yake.

Dada wa uhasibu amebaki na yake, lakini kuna jambo nililomwambia alidai kabla ya ya kiwanda kuisha: barua ya tawi la Dodoma inayosema wao wana idhini ya kupokea madai ya waranti ya nyongeza na kutengeneza hapa hapa, siyo kufanya sevisi tu. Meneja alimwambia asiwe na wasiwasi, dada. Akajibu kwamba hana wasiwasi, ila barua anaihitaji. Ameambiwa apitie Ijumaa.