Harusi ya kikauboi Texas: shingoni uvae nini

Mkuu mleta mada, umesema umealikwa harusi Texas, kadi inataka wageni waje na mavazi ya kikauboi, na hujui shingoni uweke nini. Ukauliza pia kama vile vitambaa vyao vina kazi au ni mbwembwe tu, ile kamba yenye jiwe wanayovaa shingoni ni nini, na kama Mwafrika hatachekwa akivaa kikauboi. Waliokutangulia kujibu wamekwambia ununue bandana nyekundu, uikunje pembetatu, ncha ishuke kifuani. Usifanye hivyo, utaonekana umetoka kwenye tamthilia ya shule. Mimi niko Panhandle, kule kaskazini mwa Texas upande wa Amarillo, nafanya kazi kwenye mazizi ya kunenepesha ng'ombe kabla hawajapelekwa machinjioni. Hivi vitu naviona shingoni mwa watu kila siku ya Mungu, na mwenyewe ninavyo.

Kazi ipo, tena kubwa. Tuanze na vumbi. Ng'ombe maelfu wamo kwenye mazizi ya wazi, kinyesi kinakauka, kwato zinakiponda mpaka kinakuwa unga. Mchana kwenye joto wanatulia. Jua likianza kushuka wanachangamka, wanafukuzana na kupigana vichwa, na upepo nao umelala, basi vumbi linanyanyuka na kubaki hapohapo hewani. Anayezunguka na farasi kutafuta ng'ombe wagonjwa yumo humo ndani. Anachofanya ni kuvuta kitambaa kutoka shingoni hadi juu ya pua. Kinazuia zile chenga zinazosaga meno. Vumbi laini linapita kama kawaida, ndiyo maana wanaojijali wanavaa barakoa ya N95 chini, kitambaa juu yake. Atakayekwambia hariri inachuja kila kitu, huyo anakuuzia hariri.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vilivyoisha mwaka 1865, ng'ombe waliswagwa kwa miguu kutoka Texas hadi kwenye reli za Kansas, kwanza Abilene, baadaye Dodge City. Wanaoanza kazi ndio waliopangwa mkiani mwa kundi, wakala vumbi la wote waliotangulia. Walichokuwa nacho wengi ni bandana ya pamba, bei rahisi, ukiichafua unaifua mtoni. Asili ya vitambaa vile ni India, vikaingia Ulaya na Marekani kwa biashara. Watu wa pwani msishangae, maana leso zetu nazo inasimuliwa zilianza hivyohivyo, vitambaa vya mraba vya mkononi vikanunuliwa kabla havijakatwa, vikaunganishwa kwa sindano. Undugu upo.

Ila leo ukija huku wakati wa baridi, hutaona pamba. Utaona hariri, skafu kubwa ya mraba ambayo wenyewe wanaiita "wild rag". Ukitaka kununua mtandaoni tafuta kwa jina hilo. Bandana ya dukani ina upande wa inchi 22 hivi. Hii ya hariri ni inchi 34 au 36, na wale wa Nevada, Idaho na mashariki ya Oregon, ambao wana mila zao walizorithi kwa wapanda farasi wa Kimeksiko wa California, wanavaa mpaka inchi 44. Ukubwa unahitajika kwa sababu skafu inazunguka shingo mara mbili, halafu bado ncha zibaki za kufunga.

Namna ya kufunga ni hii. Kunja pembetatu. Upande mpana uweke mbele chini ya kidevu, ncha mbili zipeleke nyuma ya shingo, zipishane, zirudi mbele. Funga fundo tulilofundishwa skauti: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Halafu ingiza ile pembe ya mbele ndani ya shati. Hewa ya baridi haina pa kupita. Upepo wa kaskazini ukivuma Januari kwenye tambarare hizi, ambako kati yako na Kanada hakuna cha kuukinga, utajua faida yake. Sufu inawasha shingo, inabeba maji na kukaa nayo. Hariri ni nyembamba lakini inashika joto, ikilowa jasho inakauka upesi, na shingo inageuka bila kukwaruzwa. Baridi ikizidi unaitoa, unaipitisha juu ya masikio, unafunga chini ya kidevu na kofia inakaa juu. Mtu anafanana na bibi anayekwenda kilabuni, lakini hakuna anayecheka, kila mmoja masikio yake anayahitaji.

Kwenye kununua kuwa macho. Sokoni imejaa poliesta inayong'aa kuliko hariri yenyewe. Chomoa uzi mmoja pembeni, uwashie kiberiti. Hariri inanuka nywele zilizoungua, inajizima, inabaki jivu unalolisaga kwa vidole. Poliesta inayeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Sasa mfikirie aliyeinama juu ya moto wa kuchomea ng'ombe alama, cheche zinaruka, na shingoni ana kitu kinachoyeyuka. Hariri ya kweli utatoa kama dola 30 hadi 60. Fua kwa mkono na maji ya uvuguvugu, sabuni laini, usiikamue, anika kivulini.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi: ncha zinazoning'inia ni hatari. Ukiwa karibu na shafti ya trekta inayozunguka, mashine ya kupandisha nafaka, au lango la kibanio cha kumshikilia ng'ombe wakati wa kumchanja, skafu inaingia ndani ya shati yote au inavuliwa. Msimamizi wetu mmoja alikuwa akiona ncha inapepea karibu na mashine anakuja kukuvuta nayo, taratibu, bila kusema neno, mpaka unaelewa.

Tuje sasa kwenye ile kamba yenye jiwe. Hiyo ni tai ya bolo, na kwa harusi yako ndiyo ninayoipendekeza. Ni kamba ya ngozi iliyosukwa, mbele kuna kibanio cha fedha au jiwe kinachopanda na kushuka, ncha zina vichwa vya chuma. Hadithi inayosimuliwa sana ni ya Victor Cedarstaff wa Wickenburg, Arizona, miaka ya 1940: upepo uliichukua kofia yake akiwa juu ya farasi, akauweka shingoni mshipi wa kofia wenye urembo wa fedha usije ukapotea, wenzake wakamsifia tai mpya. Mwaka 1959 akapata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kibanio chake. Lakini mafundi wa Kizuni, Kihopi na Kinavajo, makabila ya Wahindi Wekundu, walikuwa tayari wanatengeneza vibanio vya skafu vya fedha kabla ya hapo, na kwangu mimi hao ndio walioipa bolo hadhi iliyo nayo. Arizona waliifanya vazi rasmi la shingoni la jimbo mwaka 1971. New Mexico na Texas wakaifanya tai rasmi mwaka 2007. Kwa hiyo kuivaa na koti huku ni heshima kamili, hata mahakamani utawakuta nayo.

Jiwe la buluu la feruzi linaghushiwa sana, mengine ni jiwe jeupe lililotiwa rangi, mengine plastiki tupu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inakataza kuuza kitu kama kazi ya Wahindi Wekundu wakati sivyo, lakini matapeli hawasomi sheria. Ukipitia Santa Fe, New Mexico, nenda barazani pa jengo la kale liitwalo Palace of the Governors, wanaouza pale ni mafundi wa makabila yenyewe na wamekaguliwa. Bajeti ikibana, bolo ya chuma cha kawaida isiyo na jiwe inapendeza kuliko feruzi bandia.

Kuhusu ile hofu yako kwamba Mwafrika atachekwa akivaa kikauboi, iondoe. Wanahistoria wengi hukadiria kuwa karibu mmoja kati ya wanne wa wale waswaga ng'ombe wa Texas alikuwa mweusi. Bill Pickett, aliyeanzisha ule mchezo wa kurukia dume kutoka kwenye farasi na kulilaza chini, alikuwa Mtexas mweusi. Makauboi weusi wapo mpaka leo, na rodeo zao, yaani mashindano ya kikauboi.

Kwa hiyo: shati jeupe la kola ngumu lenye vifungo vya kubana, kifungo cha juu kifungwe, bolo ipande mpaka kwenye kola, koti jeusi. Wengine wanaishusha kidogo kola ikiwa wazi, hiyo ni ya baada ya keki, watu wakishaanza kucheza. Skafu ya hariri nayo inakubalika ikiwa ni msimu wa baridi, rangi moja iliyokolea, bila nakshi za viatu vya farasi. Vyote viwili kwa pamoja hapana.

Hujasema harusi ni mwezi gani wala kama ni ndani au shambani. Kama ni Julai shambani, hata koti utaliacha garini.