Mahindi yapo, watoto wanadumaa

Ndugu, unasema tulime zaidi na utapiamlo wa watoto utakwisha. Hapo sikubaliani nawe. Tazama mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa hapa Tanzania: mahindi yao yanalisha mikoa mingine, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta karibu asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano Iringa wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao, na karibu nusu kule Njombe na Rukwa. Kitaifa ilikuwa asilimia 30. Inauma sana.

Chakula kipo, tatizo ni nani anakila, na anakula nini. Mama anashinda shambani, mtoto anaachiwa uji wa mahindi matupu, maharage na mayai yanakwenda sokoni kutafuta ada na mbolea. Akiharisha mara kwa mara kwa maji machafu, hata hicho kidogo hakimjengi.

Mimi ningeanza na siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili. Mama apunguziwe kazi, anyonyeshe maziwa yake tu miezi 6, kisha dagaa, karanga na mboga ziongezwe kwenye mlo wa mtoto. Na baba naye afike kliniki asikie, maana mara nyingi pesa za mavuno anazishika yeye.