Kabla mtoto hajabonyeza, mwambie aandike kwanza

Mimi nasomesha hesabu na fizikia tuisheni huku Kisauni, Mombasa, vijana wa sekondari, na wazazi pamoja na walimu wenzangu waniuliza sana kuhusu hizi simulesheni za kompyuta, yaani programu zinazoiga jaribio kwenye skrini, ati zasaidia kweli ama ni gemu tu? Zasaidia, tena sana, lakini kuna sharti moja: mtoto asibonyeze chochote kabla hajaandika kwenye karatasi anadhani kutatokea nini. Aandike kwa kalamu, manake akisema kwa mdomo tu na jibu likija tofauti atakwambia "mi nilijua".

Chukua umeme. Betri moja, balbu mbili za aina moja zimefuatana kwenye waya mmoja, waulize ipi itawaka zaidi. Wengi wataandika ile ya kwanza, kwamba yala umeme kwanza halafu ya pili yapata uliobaki. Hiyo fikra huitoi kwa fomula ya ubaoni, fomula wataikopi na fikra watabaki nayo. Sasa fungua ile ya saketi ya PhET, mkusanyiko wa simulesheni za mtandaoni, wajenge wenyewe, waweke amita, kile kipimo cha mkondo wa umeme, kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili, wasome. Namba ni ile ile! Yule alieandika kwa mkono wake hawezi kukwepa hapo, aanza kuuliza, na ukimwona anauliza usikimbilie kumjibu, mwachie abadilishe waya mwenyewe.

PhET ni za bure, zilianzishwa 2002 na Carl Wieman wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, mwaka mmoja baada ya kupata Nobel ya fizikia, na ziko zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Zile mpya zafunguka kwenye brauza ya simu. Zidaunlodi mapema mahali penye waifai, hapo hata bando ikiisha somo laendelea.

Ila mwambieni mtoto ukweli kwamba ile skrini imetengenezwa na watu. Vile vidoti vya elektroni vyakimbia, lakini kwenye waya wa tochi ya kweli elektroni zasogea sehemu ndogo tu ya milimita kwa sekunde, balbu yawaka papo hapo kwa sababu zote zaanza kusogea pamoja.

Hesabu ndo mimi naipenda zaidi, hasa zile grafu za mawimbi za trigonometria ambazo vijana waziogopa. Huku Mombasa bahari iko hapa, bamvua, siku maji yajaa na kupwa sana, na maji mafu, siku yajaa na kupwa kidogo, wengi wayajua toka wadogo. Fungua GeoGebra, programu ya kuchora grafu, mstari wa chini uwe saa 0 hadi 720, ndo siku 30, chora wimbi la maji yavutwayo na mwezi wa angani, linalojirudia kila saa 12 na dakika 25 hivi, na la jua kila saa 12, la jua liwe na urefu karibu nusu ya la mwezi. Kabla ya kuyajumlisha waulize itatoka nini, wachore kwa mkono. Wengi wachora wimbi moja kubwa la sawasawa. Haya, jumlisha sasa, grafu yavimba halafu yasinyaa, yavimba tena, na toka uvimbe mmoja hadi mwingine ni kama siku 14 na robo tatu, nusu ya mwezi, yaani bamvua yenyewe hiyo, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Kijana mmoja wa Likoni, babake mvuvi, akauliza kama hizo dakika 25 ndo sababu maji kujaa huchelewa kila siku karibu dakika 50. Ndo hiyo, maji hujaa mara mbili kwa siku, 25 mara mbili. Nilifurahi siku ile jamani, siwezi kueleza.

Na kitu ambacho mtoto aweza kukishika, akishike. Pendulamu ni uzi na jiwe: uzi wa mita moja, kwenda na kurudi ni kama sekunde 2, ukate ubaki sentimita 25 yawa sekunde 1. Fanyeni hiyo kwa mkono, mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari una praktikali na huko hakuna wa kukufungia uzi, halafu simulesheni itumieni kuipeleka ile pendulamu mwezini, ama Jupita, pahali ambapo mkono haufiki.

Kama mna simu moja tu, wagawe watatu watatu, mmoja abonyeze, mmoja aandike, wa tatu kazi yake ni kubisha, aseme kwa nini yuwaona utabiri wa wenzake si sawa, halafu wabadilishane. Wale wanaosubiri zamu wape karatasi ya utabiri wa swali linalofuata, na wasiende kwa simu mpaka umeziona karatasi zote.