Kugeuza jina la upande kuwa namba katika Swing, na kuirudisha

Ndugu mleta mada, umeuliza namna ya kusoma neno kama "kulia" kwenye faili la mipangilio, kuligeuza kuwa namba ya upande inayotakiwa na Swing (maktaba ya Java ya kujengea madirisha ya programu), kisha kuirudisha namba hiyo kuwa neno wakati wa kuhifadhi. Kwenda ni rahisi. Kurudi ndiko kulikonitoa jasho.

Niko Mbeya. Nilimwandikia mfanyabiashara mmoja wa Tukuyu programu ya kupokea parachichi, yenye kurasa za mizani, wakulima na malipo, na vichupo vyake (tabs, vya kubofya kuhama ukurasa) hukaa upande anaoutaka mtumiaji. Majina yote ya SwingConstants (orodha ya Swing ya majina ya pande na namba zake), ya pande nne na ya dira, niliyarundika kwenye Map moja, yaani jedwali la neno na namba yake. Siku moja karani akaandika "mashariki" badala ya "kulia", programu ikafunguka bila kulalamika, vichupo vikiwa chini kabisa ya dirisha. Mchana mzima niliisingizia skrini yao ndogo.

Kumbe namba zinagongana. TOP ni 1, LEFT ni 2, BOTTOM ni 3 na RIGHT ni 4. Kwenye dira, NORTH ni 1, NORTH_EAST ni 2, EAST ni 3 na SOUTH_EAST ni 4. Ukiipa setTabPlacement (amri ya kupanga upande wa vichupo) ile EAST, JTabbedPane, yaani kile kijenzi chenye vichupo, hupokea 3, ambayo kwake ni BOTTOM halali, hivyo haitupi IllegalArgumentException, kosa la kupewa thamani isiyokubalika. Karani angeandika "magharibi", yaani 7, kosa lingejitokeza papo hapo. Ndiyo maana pia 2 iliyo peke yake haikuambii kama ni kushoto au kaskazini-mashariki. (Swing iliingia katika JDK 1.2 mwaka 1998, enum, yaani aina yenye orodha maalumu ya majina, ikaja na Java 5 mwaka 2004, ndiyo maana pande za Swing tumezirithi kama int, namba tupu.)

Tengeneza enum yako kwa kila sifa. Ya vichupo iwe na JUU, KUSHOTO, CHINI na KULIA tu, kila jina likibeba namba yake, na kwenye faili uhifadhi jina, kamwe usihifadhi namba. Kabla ya valueOf, inayotafuta jina ndani ya enum, pitisha neno kwenye trim() ya kuondoa nafasi za pembeni na toUpperCase(Locale.ROOT) ya kuweka herufi kubwa, kwa maana makarani huacha nafasi mwishoni mwa neno bila kujua. Jina lisipopatikana, lidake kosa, andika kwenye logi neno lilivyosomwa, kisha utumie JUU.

Kama tayari una mafaili yenye namba, yasome mara moja kwa jedwali la namba za vichupo pekee (si za dira), kisha uyaandike upya kwa majina.